Mkimweka mtu ukurasa wa mbele, mmalizie habari yake ukurasa huo huo

Ndugu Mhariri,

Nauza magazeti Morogoro mjini tangu mwaka 1999. Meza yangu iko chini ya mwarobaini, hatua chache kutoka kituo cha daladala. Saa kumi na moja alfajiri napokea mzigo kutoka Dar es Salaam, nahesabu nakala mbele ya wakala, nasaini, napanga. Kupanga nako ni kazi. Gazeti lenye kichwa cha habari kikali nalitandaza mbele lisomeke kutoka barabarani. Lenye habari ya bajeti au bei ya korosho nalikunja, nalirudisha nyuma. Hilo sikufundishwa na mtu, nimejifunza kwa kutazama mikono ya wanunuzi inakwenda wapi.

Kwa meza hiyo nimesomesha watoto watatu. Siyachukii magazeti, na yasiponunuliwa silali vizuri. Lakini kuna jambo nimelibeba tangu Aprili 2022. Wiki iliyopita nilipofungua furushi la asubuhi nikaona linakaribia kumpata mtoto wa mtu mwingine, ndiyo maana nimechukua kalamu.

Siku hiyo ya Aprili ilikuwa Jumatano, mvua ya masika imenyesha usiku kucha, na furushi lilikuja limefungwa nailoni mbili. Nilipokata kamba, gazeti la juu lilikuwa na picha ya mpwa wangu. Mtoto wa dada yangu, tumbo moja na mimi. Picha ilichukua zaidi ya nusu ya ukurasa. Amesimama mikono nyuma, macho chini, na pembeni unaona bega la askari. Juu yake, kwa herufi nyekundu: "MAPYA YAIBUKA: BODABODA ALIYEMPOTEZA BINTI HUYU HAPA." Jina lake lilikuwapo, la baba yake pia, na mtaa wanaokaa.

Gazeti hilo kwa kawaida napewa nakala 10. Siku hiyo nilipewa 35, na ilipofika saa tatu asubuhi zilikuwa zimekwisha. Ndiyo, niliziuza. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikuziweka chini ya meza nikalipa mwenyewe. Nadhani niliona kuzificha ni kama kukiri, kwamba watu wangesema hata mjomba wake anajua. Basi nikasimama pale, nikawa natoa chenji kwa watu waliokuwa wanasema mbele yangu kwamba kijana huyu anyongwe.

Nieleze kilichotokea, maana hakikuandikwa. Jumamosi jioni mpwa wangu, wakati huo ana miaka 24, alimbeba binti mmoja kutoka Mji Mpya hadi stendi ya Msamvu. Alilipwa nauli yake akarudi kijiweni. Binti hakurudi kwao. Jumapili baba yake alikwenda polisi akapewa RB, namba ya taarifa yake. Jumatatu wenzake wa kijiweni walimwambia mpwa wangu kwamba yule abiria wake wa juzi anatafutwa. Akapaki pikipiki nyumbani, akamwambia mama yake anakwenda kueleza alimshusha wapi na saa ngapi. Alikwenda kwa miguu yake mwenyewe, hakuna aliyemfuata. Huko akawekwa ndani, na siwalaumu polisi kwa kumhoji, maana yeye ndiye mtu wa mwisho kuonekana na binti. Lakini gazeti liliandika kwamba "alinaswa". Ndani, ukurasa wa tatu, likaandika "alidakwa akiwa katika harakati za kutoroka". Mwandishi aliyapata wapi hayo? Hapakuwa na kutoroka. Palikuwa na kijana aliyekwenda kusaidia.

Na sasa nitazame upande wa binti. Gazeti lilijaza kurasa mbili kuhusu mtu aliyepotea, na sikuona hata mstari mmoja wa kumsaidia apatikane. Alivaa nini? Alikuwa na begi la rangi gani? Ni mrefu au mfupi? Anayemwona apige simu namba gani, au aende kituo gani? Hakuna. Kulikuwa na picha yake iliyochukuliwa kwenye ukurasa wake wa mtandaoni, amejipodoa kwa ajili ya sherehe, na maneno "mrembo huyo" yametajwa mara sita. Nilihesabu. Mtu aliyekaa naye kiti kimoja ndani ya basi la Ifakara asingemtambua kwa picha ile.

Na kweli alikuwa Ifakara, kwa shangazi yake. Aliondoka kwao kwa sababu zake. Nazijua sasa, lakini sitaziandika, kwa kuwa ni zake na za wazazi wake. Siku ya sita shangazi aliposikia redioni kwamba kuna kijana yuko ndani, yeye mwenyewe alimpeleka binti hadi kituo cha polisi.

Lakini kabla ya siku hiyo ya sita kulikuwa na Jumatano jioni. Mnajua redio zinasoma magazeti asubuhi. Kichwa kile kilisomwa, kikarudiwa, na nina hakika waliokisikia ni wengi kuliko walionunua. Saa kumi na mbili jioni kundi la watu lilifika kwa dada yangu. Walivunja genge lake, wakakanyaga nyanya, wakamwaga mafuta ya kupimia. Pikipiki iliyokuwa uani waliichoma. Ilikuwa ya mkataba, amebakiza miezi minne tu iwe yake. Dada yangu aliokolewa na jirani yake mmoja, mama wa Kipogoro, aliyemfungia chooni na kusimama mlangoni na mchi.

Gazeti lile lile, kesho yake, liliandika kwamba nyumba ilivamiwa na "wananchi wenye hasira kali". Nimeyauza maneno hayo kwa zaidi ya miaka 20 bila kuyafikiria. Wananchi wenye hasira kali wamemchoma mwizi, wananchi wenye hasira kali wamebomoa nyumba. Linaandikwa kama vile hasira ni mvua, inashuka tu. Hasira ile ya Jumatano mimi naijua ilikotoka. Ilipita juu ya meza yangu, nakala 35.

Binti alipopatikana, mpwa wangu aliachiwa siku ya tisa. Habari ilitoka ukurasa wa saba, chini, mistari minane, haina picha. Ilisema ameachiwa kwa dhamana ya polisi huku uchunguzi ukiendelea. Jalada lilipofungwa hawakuandika kitu. Ukurasa wa mbele wa siku ile ya mistari minane walimpa binti: wakaandika kwamba aliyedhaniwa ametekwa kumbe alikuwa "kwa bwana". Shangazi wa watu, mama wa miaka 60 anayelima mpunga, akageuzwa bwana. Binti alikuwa anajifunza cherehani, akaacha. Baba yake alihama msikiti.

Nilipanda basi hadi Dar es Salaam, ofisini kwa gazeti lile. Sitalitaja, lenyewe linajijua, na sikuandika barua hii ili nigombane nalo. Nilibeba picha ya mpwa wangu aliyopiga Idi, amevaa kanzu, anacheka. Niliomba jambo moja: waitoe picha hii ukurasa wa mbele, na waandike kwamba binti yuko salama na kijana hakumfanyia lolote. Sikuomba fidia. Kijana mmoja mpole alinisikiliza akiwa amesimama, halafu akasema, "Mzee wangu, pole sana, lakini habari hiyo imeshapitwa."

Imepitwa kwenu, Ndugu Mhariri. Kwetu haijapitwa. Kwenye meza nina daftari la wateja wanaochukua gazeti kwa mkopo hadi mwisho wa mwezi. Mtu akichukua gazeti la shilingi elfu moja namwandika, na akichelewa namkumbusha, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia deni lake limepitwa.

Mimi si mwanasheria, lakini Katiba ninayo, nakala ya Kiswahili, niliinunua wakati wa mchakato wa Katiba mpya. Ibara ya 13(6)(b) inasema ni marufuku kwa mtu aliyeshtakiwa kwa kosa la jinai kutendewa kama mtu mwenye kosa hilo mpaka itakapothibitika kuwa anayo hatia ya kutenda kosa hilo. Mpwa wangu hata kushtakiwa hakushtakiwa. Mnapenda kuandika neno "anadaiwa" mstari wa kwanza, na kichwa cha habari juu yake kimeshahukumu. Asilimia kubwa ya watu wanaosimama mezani kwangu hawanunui. Wanasoma vichwa, wanatikisa kichwa, wanakwenda kazini. Hilo "anadaiwa" lenu hawalifikii.

Kuna maneno mengine ya mahakamani ambayo nyinyi mnayaelewa na sisi hatuyaelewi, na mnatuachia hivyo hivyo. Kila kesi ya mauaji mnaandika: "Mshtakiwa hakutakiwa kujibu chochote." Mnajua maana yake. Kesi ya mauaji inasikilizwa na Mahakama Kuu, kwa hiyo mbele ya hakimu wa mahakama ya chini mtu anasomewa shtaka tu, haruhusiwi kukana wala kukubali. Mezani kwangu watu wanasoma hivi: "Ona, kakosa la kusema." Nimesikia hivyo mara nyingi sana. Nusu sentensi ya kueleza ingetosha, na sioni gharama yake. Halafu kosa hilo halina dhamana, upelelezi haujakamilika, kesi inaahirishwa siku 14, na siku 14 nyingine, na nyingine. Miaka miwili, mitatu. Halafu siku moja Mkurugenzi wa Mashtaka anawasilisha hati kwamba hana nia ya kuendelea na kesi, na mtu anatoka gerezani mchana na mfuko wa rambo, nauli ya kurudi kwao hana. Siku hiyo mwandishi hayupo.

Na hili la "wivu wa mapenzi". Mwanamke ameuawa, maiti haijazikwa, gazeti limeshaandika chanzo ni wivu wa mapenzi. Anayesema kulikuwa na wivu ni nani? Aliyeua. Marehemu hana nafasi ya kusema, "Sikuwa na mwanaume mwingine", au "Nilikuwa nimeshaachana naye", au "Alikuwa ananipiga miaka mitano, na niliripoti". Mnachukua maneno ya muuaji mnayafanya sababu, na mapenzi yanaingia ndani yake kana kwamba kuua ni kupenda kulikozidi. Januari 2024 wenzetu wa Kenya walipata mauaji ya wasichana kadhaa yaliyofuatana, na badala ya kuuliza waliowaua ni akina nani, mazungumzo mengi yakawa wasichana wale walifuata nini katika vyumba vile vya kupanga. Wanawake wakaingia barabarani Nairobi na miji mingine tarehe 27 mwezi huo. Binti yangu wa mwisho aliniuliza swali siku hizo, akiwa anasoma magazeti mezani: "Baba, mimi nikiuawa wataandika nilivaa nini?" Sikumjibu.

Nikubali pia pale mlipofanya vizuri. Kesi ile ya Kigamboni ya 2019, ya mume aliyeshtakiwa kumuua mkewe na kuuchoma mwili wake kwa mkaa, hamkuiacha njiani. Mliifuata hadi hukumu ya Mahakama Kuu Februari 2025, karibu miaka sita. Huo ndio uandishi ninaoutaka. Hata hivyo, nenda leo mtaani kaulize mtoto wa darasa la tano kuhusu kesi ile. Idadi ya magunia ya mkaa anaijua. Hukumu haijui. Kwa kuwa magunia mliyaandika kwa herufi kubwa siku baada ya siku, na jamaa za marehemu wanaishi katika nchi ambayo kila mtu anayajua magunia hayo.

Naomba mfikirie pia bei. Tangu mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalipochacha mwaka 2007 na kuendelea, nimeuza magazeti yaliyoandika kiungo fulani kinauzwa milioni kadhaa. Mwandishi alidhani anaonyesha ubaya wa jambo. Lakini mtu mwenye njaa na asiye na utu anaposoma tarakimu ile, ninyi mmempa nini? Tangazo. Nina mteja mwenye ualbino, fundi redio, ambaye siku ya habari kama hizo haji kuchukua gazeti lake. Namtumia kwa mtoto, nimelikunja ukurasa wa mbele ndani.

Sasa waliopotea. Oktoba 2018 mfanyabiashara tajiri, ndugu Mohammed Dewji, alipotekwa Dar es Salaam alfajiri ya tarehe 11, nchi nzima ilisimama. Familia ilitangaza zawadi ya shilingi bilioni moja, namba za simu zikachapishwa, na kila asubuhi hadi alipopatikana viwanja vya Gymkhana tarehe 20 alikuwa ukurasa wa mbele. Sioni kosa katika hilo, mtu akipotea atafutwe hivyo. Ninachouliza ni kwa nini ni yeye tu. Mezani kwangu wanakuja akina mama na karatasi ya fotokopi yenye picha ya mtoto au ya baba mwenye ugonjwa wa kusahau, wananiomba niibandike kwenye mwarobaini. Wameshakwenda kwenye magazeti wakaambiwa ni tangazo, lina bei yake. Mti ule umejaa pini. Kwa uzoefu wangu mtu wa kawaida aliyepotea anaingia gazetini bure kwa njia mbili tu: awe msichana mzuri wa sura, au kuwe na mtu wa kumtuhumu.

Na yupo mwenzenu. Azory Gwanda, mwandishi wa kujitegemea wa gazeti la Mwananchi, aliyekuwa akiandika habari za mauaji ya watu wilayani Kibiti, mkoa wa Pwani. Alionekana mara ya mwisho tarehe 21 Novemba 2017, na mpaka leo mkewe hana jibu. Mwanzoni nilikuwa naliona jina lake mezani kwangu mara kwa mara. Siku hizi naliona tarehe ya kumbukumbu ikifika, kama naliona. Kama mwandishi mwenyewe anaweza kufifia hivyo katika kurasa za waandishi, yule baba wa Kihonda aliyetoka kununua dawa na hakurudi ana matumaini gani?

Najua mtasema uongo mkubwa siku hizi uko mtandaoni. Ni kweli. Zile televisheni za kwenye simu zina picha ya mtu analia, mshale mwekundu, na maneno "INASIKITISHA, SIRI NZITO YAFICHUKA", unafungua unakuta dakika 20 za jirani anayesema alisikia kelele. Wanamfuata mama wa marehemu na kamera hadi kitandani. Nimeona mtoto wa miaka saba anaulizwa alimwonaje baba akimpiga mama, uso wake wazi. Lakini wale wamejifunza kwenu, Ndugu Mhariri. "Mapya yaibuka" ni ya magazeti, mimi nimeiuza kabla simu hizo hazijaja. Na msomaji anayenunua gazeti sasa, wakati habari ya bure iko mkononi mwake, analipa shilingi elfu moja akitarajia mtu fulani amehakikisha. Mkimpa yale yale ya kwenye simu, atalinunua kwa nini? Mwaka 1999 nilikuwa namaliza nakala 200 kwa siku. Sasa hivi 60 ni siku njema.

Waandishi wa mikoani nawafahamu, wengine wanakunywa kahawa hapa kwenye meza yangu. Wengi hawana mshahara, wanalipwa kwa habari iliyotoka. Isipotoka, hawakupata kitu. Mmoja aliniambia wazi kwamba habari ya kijana kukamatwa inalipa leo, ya kijana kuachiwa anaweza kuifuata mahakamani mara kumi kwa nauli yake na mwisho isichapishwe. Kwa hiyo siwaelekezei wao lawama yote. Anayeweka herufi nyekundu amekaa ofisini, na anayeamua mistari minane ya ukurasa wa saba naye amekaa ofisini.

Wakili mmoja anayechukua gazeti kwangu kila Ijumaa alinisimulia kisa cha Bristol, Uingereza. Desemba 2010 msichana mmoja alipotea, akakutwa ameuawa. Polisi wakamkamata mwenye nyumba aliyempangisha, mwalimu mstaafu anayeishi peke yake. Magazeti yakamvua nguo: nywele zake, vitabu anavyosoma, jinsi alivyofundisha. Muuaji akaja kuonekana ni jirani mwingine kabisa. Julai 2011 magazeti manane yalimlipa yule mwalimu fidia na kumwomba radhi, na mawili kati yake yakapigwa faini na mahakama kwa kuhatarisha kesi, moja paundi 50,000 na jingine 18,000. Nilimuuliza wakili kama sisi tunaweza kufanya hivyo hapa. Akasema kudai inawezekana, lakini mpwa wako atamlipa nani wa kumsimamia? Ndipo akaniambia pia kuna Baraza la Habari Tanzania, ambako mtu anaweza kupeleka malalamiko dhidi ya gazeti. Miaka yote hiyo nauza magazeti sikuwa nalijua. Sijawahi kuona gazeti linalomwambia msomaji wake: tukikukosea, nenda hapa. Mkiweza, wekeni mistari miwili kila siku chini ya ukurasa wa barua. Nafasi ya tangazo la mganga wa kienyeji inatosha.

Ninachoomba kwenu si kikubwa. Mtu akikamatwa, andikeni amekamatwa, lakini uso wake na jina la baba yake viacheni hadi afikishwe mahakamani. Mkishamweka ukurasa wa mbele, muandikeni kwenye daftari lenu. Kila kesi iliyotoka mbele iwe na mtu ofisini anayeshika simu kila baada ya majuma mawili kumuuliza karani wa mahakama imefikia wapi. Ikiisha, imalizieni pale pale ilipoanzia, kwa herufi zile zile, picha ya ukubwa ule ule. Akitiwa hatiani, hivyo hivyo. Akiachiwa, hivyo hivyo. Na mtu aliyepotea akipatikana mzima, andikeni amepatikana mzima, basi. Alikokuwa na aliyekuwa naye, kama hakuna kosa la jinai, si mali yetu.

Mtaniambia habari ya kuachiwa haiuzi. Nawajibu kama muuzaji. Yule mama wa Kipogoro aliyesimama na mchi alikuja mezani kwangu kila asubuhi kwa mwezi mzima kuuliza kama wameandika kijana ametoka. Madereva wa kijiwe chake waliuliza. Wazee wa msikiti waliuliza. Hata wale waliokuja na viberiti, wawili wao nawajua, waliuliza, kwa sauti ya chini. Wote hao wangenunua. Mimi sikuwa na cha kuwauzia.

Mpwa wangu yuko Tunduru sasa, anafanya kazi ya kubeba korosho kwenye ghala. Pikipiki hashiki tena. Akija Morogoro anashukia Msamvu usiku, anaondoka usiku. Ile picha yake ya Idi ninayo kwenye bahasha, ndani ya daftari la madeni.

Wiki iliyopita, kama nilivyosema, furushi lilikuja na kijana mwingine ukurasa wa mbele. Dereva wa bajaji. Mikono nyuma, macho chini. Gazeti lenu, Ndugu Mhariri, nalo lilikuwa na picha yake, ndogo kidogo kuliko wenzenu, lakini ilikuwapo. Sijui kama alifanya au hakufanya, na ninyi hamjui. Nililaza magazeti yote siku hiyo kifudifudi, wateja wakaniuliza kulikoni, nikawaambia wafungue ndani. Kwa mujibu wa habari yenu, hakutakiwa kujibu chochote na kesi yake itatajwa tena tarehe 14 mwezi ujao. Tarehe hiyo nimeiandika kwenye daftari, chini ya jina la gazeti lenu.

Wenu,
Muuza magazeti,
Morogoro
(Jina langu mnalo, naomba msilichapishe, kwa ajili ya dada yangu na mwanawe.)